Mavazi ya usaili wa chuo kwenye nchi ya theluji: maandalizi ya kuanzia Tanga

Wito wa usaili wa shahada ya uzamivu katika vyuo vya Marekani una wakati wake, na wakati wenyewe hauna huruma na mtu wa Tanga. Barua pepe inaingia Desemba au Januari, kaskazi inavuma, mchana joto limevuka nyuzi 30, na wewe ndiyo kwanza unatakiwa ufikirie masweta. Usaili hufanyika zaidi kati ya Januari na Machi, katikati ya baridi yao. Wastani wa joto la Januari kule Chicago ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri, Minneapolis ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na huo ni wastani tu. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo cha Chicago kilishuka hadi nyuzi 31 chini ya sifuri.

Ukisoma namba kama hizo akili inakimbilia koti. Mtu anahangaika kutafuta koti zito kuliko yote mjini, akilipata roho inatulia, mengine anaacha yajipange yenyewe. Lakini majengo yao yanapashwa moto. Chumba cha usaili kina nyuzi 20 hadi 22, na koti lile unalivua mlangoni. Anayekuhoji ataona kilichokuwa chini yake. Wengine wanakosea kwa upande wa pili: wanajifunga nguo za joto zisizovulika, wakikaa mbele ya profesa jasho linatiririka mgongoni huku nje theluji inaanguka. Koti ni la njiani. Unachohitaji ni mavazi ya kupunguza na kuongeza kwa dakika moja, pale pale ulipo, bila aibu. Ndiyo maana hapa tunaanzia ndani kwenda nje.

Hatua ya 1: Uliza kwanza, nunua baadaye

Kila programu inayoita watu usaili ina mratibu anayeshughulikia ratiba. Mwandikie. Maswali ya mavazi wanaulizwa kila mwaka, hakuna atakayekuona mshamba. Uliza mambo haya: usaili ni wa ana kwa ana au wa video? Wanategemea suti, au shati na suruali ya kitambaa inatosha? Kuna matembezi ya kuzunguka chuo, na ni ya muda gani? Hoteli iko mbali kiasi gani na jengo la usaili, na mtu anafikaje huko asubuhi?

Swali la kwanza ndilo zito, kwa sababu vyuo vingi huwahoji walio nje ya nchi kwa video. Kama ni hivyo, baridi haikuhusu, lakini saa inakuhusu. Januari saa nne asubuhi ya Chicago ni saa moja jioni Tanga. Saa nne asubuhi ya Boston ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa zao mbele, tofauti inapungua kwa saa moja. Vaa shati au blauzi ya rangi moja, kwa sababu mistari myembamba inacheza kwenye kamera. Feni iwe mbali na maikrofoni. Na vaa suruali yako kamili hata kama wanaona kifua tu: umeme ukikatika utainuka kutafuta taa, na simu bado inaonyesha.

Kama wamekuita ana kwa ana, endelea kusoma. Kwa upande wa urasmi, programu za sayansi kwa kawaida hazidai suti. Suruali ya kitambaa, shati la kola, sweta jembamba au koti la suti bila tai, umemaliza. Shule za biashara na udaktari ni suti kamili. Ukibaki njia panda, panda ngazi moja juu. Aliyezidisha kidogo anaweza kuvua koti la suti akalitundika kwenye kiti, lakini aliyekuja na fulana hana la kufanya.

Hatua ya 2: Nguo ya chumbani

Hii ndiyo nguo ya usaili hasa, na habari njema ni kwamba unaweza kuimaliza hapa hapa Tanga. Mpe fundi wako kitambaa chenye uzito, cha bluu nzito, kijivu au nyeusi, na umwambie aweke bitana mpaka chini, si mpaka magotini kama wanavyozoea. Bitana inafanya kazi mbili: inaongeza joto, na inazuia suruali isigande kwenye nguo ya ndani utakayovaa. Mwambie pia aache nafasi kidogo mapajani. Suruali ya kubana ya siku hizi haikubali kitu chini yake, na ukilazimisha utaonekana umevaa suruali ya mdogo wako.

Kwa wanaume: shati la mikono mirefu, sweta jembamba la shingo ya V, koti la suti juu. Vitu vitatu hivyo vinatosha kukubeba chumba chochote. Chumba kikiwa cha moto unavua koti la suti. Kikiwa cha ubaridi unabaki nalo.

Kwa wanawake uhuru ni mpana zaidi na mitego nayo ni mingi zaidi. Suruali ndiyo rahisi kuliko vyote. Sketi au gauni linawezekana kama linafika chini ya goti na ndani kuna taiti nzito nyeusi. Soksi nyepesi za kuonyesha ngozi zinapita ofisini Dar es Salaam, si kwenye kituo cha basi cha Minneapolis. Anayevaa baibui hana haja ya kuliacha. Alishone fupi kidogo tu, liishie kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu pindo linaloburuta linafagia theluji iliyoyeyuka iliyochanganyika na chumvi wanayomwaga barabarani, na ikikauka inaacha utepe mweupe kuzunguka pindo lote. Chini ya baibui kuna nafasi ya kuficha tabaka hata tatu, jambo ambalo wenye suti wangelitamani.

Kitenge? Mimi nasema ndiyo, kwa kipimo. Tai ya kitenge, au bitana ya kitenge inayochungulia ukifungua koti la suti, inapendeza na inakumbukwa. Suti nzima ya kitenge iache kwa chakula cha jioni.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo sharti niliseme: usifukize nguo za usaili kwa udi. Najua nguo isiyofukizwa kwa mtu wa pwani ni kama haijapigwa pasi. Lakini vyumba vile ni vidogo, madirisha yamefungwa tangu Novemba, joto linaamsha kila harufu iliyolala kwenye kitambaa, na wapo watu wanaougua kichwa kwa manukato. Vyuo vingine vina sehemu ambazo manukato hayaruhusiwi kabisa. Sabuni na pasi vinatosha. Udi utaukuta ukirudi.

Hatua ya 3: Nguo ya kugusa ngozi

Hapa ndipo joto linapopatikana kwa bei ndogo, na hapa ndipo watu wa kwetu wanapokosea zaidi, kwa sababu tumelelewa kuamini pamba. Pamba ni rafiki wa joto. Kwenye baridi inanyonya jasho, inalikalia, na ukitoka nje jasho lile linapoa juu ya ngozi. Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu laini au ya poliesta iliyosokotwa kwa ajili ya michezo na baridi: fulana ya mikono mirefu na suruali yake ya ndani, nyembamba, za kushika mwili. Jozi mbili zinatosha kwa safari ya siku tatu.

Kwenye mitumba utazikuta zimechanganywa na nguo za mazoezi, na muuzaji mara nyingi hajui ni nini, kwa hiyo bei haijachangamka. Soma lebo: ikiandikwa wool au merino, ni sufu. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa kauzi kadogo kwenye pindo la ndani ukiguse na kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inaacha majivu yanayosagika. Akriliki, ile sufu ya bandia ya kiwandani, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usifanye hivyo kabla ya kulipa, lakini. Utafukuzwa.

Angalia mikono ya fulana hiyo. Kwa anayeswali, ni lazima ipande juu ya kiwiko bila kugombana, la sivyo udhu wa Adhuhuri utakuacha na mikono iliyolowa, na kitambaa chenye maji kwenye baridi ni adhabu. Tena sehemu kubwa ya Januari jua la Chicago linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Adhuhuri, Alasiri na hata Magharibi zinaweza kuangukia ndani ya ratiba ya usaili. Mwombe mratibu dakika kumi na chumba, wameshazoea. Na mwenye khofu, zile soksi za ngozi, azibebe: msafiri aliyezivaa akiwa na udhu ana ruhusa ya kupangusa juu yake siku tatu, mchana na usiku wake, badala ya kuvua viatu na kutia miguu kwenye sinki la watu.

Hatua ya 4: Koti

Sasa koti. Anzia mitumba ya Ngamiani, asubuhi, siku belo jipya linapofunguliwa. Makoti mazito hayana wateja pwani, kwa hiyo mara nyingi yamerundikwa chini kabisa au yamening'inizwa nyuma. Usilitaje unalolitaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo? Utalivaa wapi na joto hili?"

Ukijibu unasafiri kwenda Marekani, bei imeshapanda. Sema kuna baridi Lushoto, nako si uongo.

Kama Ngamiani hukupata, panda kweli huko juu: Muheza, Korogwe, Mombo, Soni, Lushoto. Milimani watu wanavaa masweta na makoti kwa haja, si kwa mapambo, na wauzaji wanajua walichonacho. Moshi nako kuna vifaa vya wapanda Mlima Kilimanjaro, vya kununua vilivyotumika na hata vya kukodi. Makoti yao yanahimili baridi ya chini ya sifuri bila wasiwasi. Rangi zake zinapiga kelele, nyekundu na njano, lakini tumeshakubaliana koti ni la njiani.

Koti unalolitafuta ni la kujazwa, la manyoya ya bata au la nyuzi za poliesta, lenye kitambaa cha nje kisichopitisha upepo. Lile la manyoya ni jepesi na la moto zaidi. Lebo yake itakuwa na neno down. Libane kwenye ngumi, liachie: linatakiwa lifure lenyewe. Kisha liinue juani utazame vyumba vyake kimoja kimoja. Ukiona mwanga unapita juu na uvimbe umekusanyika chini ya kila mshono, manyoya yamegandana, pengine lilifuliwa vibaya, na hapo hakuna joto tena. Fungua na ufunge zipu kuanzia chini mpaka kidevuni. Zipu mbovu ya koti la baridi ni koti bovu, hata fundi akikuapia.

Lipime ukiwa umevaa koti la suti ndani, si fulana. Jasho litakutoka, vumilia. Inua mikono kama unayeshika bomba la daladala: mabega yasikaze, mikono ya koti isipande juu ya kifundo. Pindo lake lipite pindo la koti la suti kwa chini; koti la suti linalochungulia nje kama shati lisilochomekwa linaharibu kila kitu. Mwenye hijabu, misuko au nywele nyingi ajaribu na kofia ya koti, ikifunika kichwa chake kama kilivyo siku hiyo. Makoti mengi yameshonwa kwa vichwa visivyo na kitu juu yake.

Koti la sufu refu, lile la mjini, ni zuri zaidi kwa macho na linafaa London au Edinburgh, ambako Januari mara nyingi joto halishuki sana chini ya sifuri ila kuna mvua na upepo. Kwa Chicago na kaskazini yake, peke yake halitoshi.

Hatua ya 5: Miguu

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu kipya, kiwe buti. Koti unaweza kuazima kwa Mtanzania aliyeko huko, na wanafunzi wenyeji mara nyingi wana la ziada ukiwaandikia mapema. Buti la kuazima halipo.

Barafu ya barabarani haionekani kila mara. Kuna ile nyembamba inayofanana na lami iliyolowa, nayo ndiyo inayovunja watu mikono. Soli ya ngozi ya moka zako za harusini juu ya barafu hiyo haina breki. Tafuta buti linalofika juu ya kifundo, lisilopitisha maji, lenye soli ya mpira yenye meno marefu. Lijaribu ukiwa na soksi nene ya sufu, na vidole viweze kuchezacheza. Buti la kubana linazuia damu kufika vidoleni na mguu unakufa ganzi hata ndani ya soksi mbili. Viatu vya mvua vya mpira mtupu havifai. Vinazuia maji lakini baridi vinaipitisha yote.

Tahadhari ya mitumba: kuna soli zinazoonekana nzima kabisa kumbe zimeoza ndani kwa kukaa stoo miaka mingi. Likunje buti kwa nguvu, chimba soli kwa ukucha. Ikitoa unga au ufa, weka chini. Soli ya aina hiyo inaweza kubanduka siku ya pili ya kutembea, na siku ya pili ndiyo ya usaili.

Viatu vya chumbani vibebe kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya mkoba. Ukifika, kaa kwenye benchi la ukumbini, badilisha, buti weka kwenye mfuko wa plastiki chini ya koti lako. Kila mtu anafanya hivyo majira yale. Viatu vya kuchuchumia sivipendekezi hata ndani, kwa sababu ratiba itakuvusha jengo hadi jengo na hakuna atakayesubiri ubadilishe kila mara. Kisigino kifupi kinatosha heshima.

Hatua ya 6: Kichwa, masikio, mikono

Joto likiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapata baridi ya nyuzi 28 chini ya sifuri, na inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Masikio, pua na vidole ndivyo vinavyotangulia. Kofia ya kufuma inayofunika masikio, skafu ya sufu, glavu zenye bitana. Basi.

Hijabu ya kitambaa cha jezi au sufu nyembamba inashika joto vizuri na haitelezi chini ya kofia kama satini. Mwenye miwani ajue itafunga ukungu kila anapoingia ndani. Asimame mlangoni dakika moja aifute, asiingie akisalimia watu asiowaona. Glavu ya kulia ivue kabla hujaingia, mkono uwe mfukoni, ili utakapompa mtu mkono usimpe kipande cha barafu. Asiyepeana mikono na jinsia nyingine aweke kiganja kifuani na atabasamu, inaeleweka.

Mafuta ya nazi acha nyumbani. Chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, na utajikuta unayachokonoa kwenye chupa kwa kijiti saa kumi na mbili asubuhi hotelini. Beba vaselini na mafuta ya midomo. Hewa ya ndani kule ni kavu kupita kiasi: ngozi inapauka, midomo inapasuka, na sufu ikisuguana na kiti utapigwa shoti kidogo ukigusa kitasa. Haiui.

Hatua ya 7: Jaribio kabla ya kuondoka

Vaa kila kitu, kuanzia nguo ya ndani hadi glavu, nyumbani, feni ikiwa imewashwa. Keti dakika ishirini kwenye kiti cha mezani ukijibu maswali ya mtu yeyote, hata shangazi, kwanza ukiwa umevua koti la nje tu, kisha ukiwa umevua na koti la suti. Angalia kama kola imekaa, kama nguo ya ndani inachungulia shingoni au kwenye kifundo cha mkono, kama mshono wa kwapa unalalamika ukinyoosha mkono ubaoni. Kisha jipime saa: kuvua koti, skafu, kofia, glavu na kubadilisha viatu kusizidi dakika tatu.

Ukitaka kujua baridi yenyewe inafananaje, tumbukiza mkono kwenye friza ya muuza samaki uhesabu taratibu hadi mia. Friza inayofanya kazi vizuri inakaa nyuzi 18 chini ya sifuri, sawa na asubuhi mbaya ya Minneapolis bila upepo. Rudia na glavu zako. Kama vidole vinauma kabla ya mia, tafuta glavu nyingine.

Hatua ya 8: Safarini

Utabiri wa hewa wa Marekani unakuja kwa farenhaiti. Toa 32, gawa kwa mbili, utakuwa karibu na jibu: 20 yao ni kama 6 au 7 chini ya sifuri yetu. Wakisema 32, ndiyo sifuri.

Nguo ya usaili, viatu vya chumbani na nguo za ndani viingie kwenye begi la mkononi, si kwenye begi kubwa. Ndege za majira ya baridi huchelewa, watu wanakosa za kuunganisha, mabegi yanabaki Addis Ababa au Doha. Buti vaa, koti shika mkononi. Utaonekana kichekesho uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, uvumilie kichekesho hicho, kwa sababu mlango wa kutokea kule mwisho ndipo baridi inapoanza, na begi lako linaweza kuwa halijafika.

Suti ipinde ndani nje, katikati ya mabega weka soksi, uizungushie fulana. Ukifika hotelini itundike bafuni, fungua maji ya moto ya bomba la mvua, funga mlango dakika kumi na tano. Mikunjo mingi itashuka yenyewe.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Usaili wa programu nyingi ni mlolongo: kifungua kinywa, maprofesa watatu hadi sita kila mmoja nusu saa hivi, chakula cha mchana na wanafunzi, matembezi ya kuzunguka chuo, chakula cha jioni. Matembezi ndiyo sehemu ya baridi kuliko zote, na huja katikati ya siku ulipokwisha kujisahau. Kabla ya kutoka vaa kila kitu, hata kama mwenyeji wako ametoka na sweta moja akicheka. Yeye amezaliwa kwenye baridi hiyo. Wewe hujaja kushindana naye. Nje tembea hatua fupi, mguu mzima ukikanyaga kwa pamoja, mikono nje ya mifuko. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi inamaliza chaji ghafla.

Koti ukilivua litundike panapotundikwa mengine, lakini pasipoti na simu viondoe. Na kwa kuwa nusu ya makoti yale ni meusi, funga uzi wa rangi kwenye kitanzi cha ndani uweze kulitambua. Pasipo na pa kutundika, likunje uliweke kwenye kiti cha pembeni au mgongo wa kiti chako. Usihojiwe umelivaa. Linasema unataka kuondoka.

Chakula cha jioni na wanafunzi ni cha kulegea kidogo: vua tai, badilisha shati kwa sweta zuri, hapo ndipo kitenge chako kinapopata nafasi. Lakini nao wataulizwa walikuonaje, kwa hiyo usilegee hadi fulana ya mpira.

Usiku, kabla ya kulala, tazama buti na pindo. Mistari myeupe ni chumvi ya barabarani, na ukiiacha inakula ngozi. Changanya siki na maji kiasi sawa, futa kwa kitambaa, pitisha maji matupu, acha vikauke mbali na kipasha joto. Ngozi iliyokaushwa kwa moto inapasuka.

Ukisharudi

Usiliuze koti. Wakikukubali, utalihitaji miezi michache tu baada ya masomo kuanza Agosti au Septemba. Lianike kivulini penye upepo siku nzima, hakikisha limekauka mpaka ndani, kisha litundike likiwa limefunikwa kwa shuka jepesi. Usilikandamize ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati: manyoya yatalala, na unyevu wa Tanga utaliotesha ukungu kabla masika hayajaisha. Glavu na kofia ziweke ndani ya mikono ya koti lile lile. Buti lijaze magazeti, na kila mwezi litoe nje lipate hewa.